Unaitwa Mama Nani?

Siku ya pili baada ya kuhamia Umoja, mwezi wa Aprili mwaka wa 2015, niliteremka na mtungi wangu hadi kwenye mfereji wa ploti. Maji yalikuwa yamekuja usiku na foleni ilikuwa ndefu. Mama mmoja aliyekuwa akisuuza nepi alinitazama kuanzia kichwani hadi kwenye ndara, akatabasamu, akauliza: "Karibu jirani. Unaitwa Mama nani?"

Nikamtajia jina langu. Akangoja. Nilipokosa kuongeza neno akauliza tena, mara hii polepole, kama mtu anayezungumza na mgeni asiyejua lugha: "Hilo ni lako. La mtoto je?"

"Sina mtoto."

"Bado," akanisahihisha, akarudi kwenye nepi zake.

Msomaji anayeishi katika ploti za Nairobi hana haja ya kuelezwa. Huku kwetu mwanamke aliyeolewa huitwa kwa jina la kifunguamimba wake. Mwenye duka hukuandika kwalo kwenye daftari la mkopo, muuza mboga hukuita kwalo, na hata mwenye nyumba anapokuja kudai kodi hugonga mlango akilitaja. Yuko Mama Brian, yuko Mama Shiru, yuko Mama Mapacha. Mimi, kwa kukosa pa kutundikia jina, niliitwa Mama Nambari Nane, kwani chumba chetu kilikuwa cha nane kutoka langoni. Miaka 10 imepita, tumehamia nyumba ya vyumba viwili mtaa huo huo, na muuza mboga angali ananiita Mama Nambari Nane. Nimezoea. Nambari nane hailii usiku wala haidai karo.

Nilikuwa na umri wa miaka 23 na mume wangu 27. Sheria ya Ndoa ya mwaka wa 2014 yataka miaka 18, kwa hivyo machoni pa serikali tulikuwa tumekomaa. Machoni pa wenzangu niliosoma nao chuo cha uanahabari nilikuwa nimerukwa na akili. Kijana wa mjini hutarajiwa apate kazi kwanza, atembee kidogo, aonje maisha, ndipo atulie. Anayefunga ndoa mapema hutafutiwa sababu, na sababu inayowajia watu upesi ni moja tu. Siku ya harusi niliwaona shangazi zangu wakinitazama tumboni badala ya kutazama gauni nililokodisha kwa pesa za mwezi mzima. Walikuwa wakihesabu. Ilipofika Januari mwaka wa 2016 na hakuna kilio cha mtoto nyumbani kwetu, hesabu yao ikakataa kutoka. Mmoja wao, mwanamke ninayempenda sana, aliniuliza bila kuzunguka: "Sasa mlikuwa mkikimbilia nini?"

Ukweli ni kwamba tulikuwa tumeamua kungoja. Mume wangu ni mwalimu wa Kiswahili. Wakati huo alikuwa ameajiriwa na bodi ya shule, si na Tume ya Kuwaajiri Walimu, TSC, na kila mwalimu wa bodi anajua maana yake: mshahara mdogo, nao huja wazazi wakishalipa karo. Mimi nililipwa kwa makala, na mwezi usio na makala ulikuwa mwezi usio na nyama. Tukakubaliana tungoje miaka miwili. Hakukuwa na falsafa yoyote ndani yake.

Mwaka wa 2017 nikaacha vidonge. Tukangoja. Hapo ndipo neno hili kungoja lilipobadilika maana bila kutuarifu.

Swali la watu lilikuwa lile lile: "Mnangoja nini?" Mwaka wa kwanza jibu la kweli lilikuwa kodi ya nyumba. Mwaka wa tatu jibu la kweli lilikuwa hatujui. Lakini niliendelea kutoa jibu la mwaka wa kwanza, kwani lina heshima kidogo. Anayesema hataki mtoto huitwa mwenye kiburi. Anayesema amekosa huitwa maskini. Nilichagua kiburi, na sijutii sana, ingawa kiburi nacho kina gharama yake. Januari mwaka wa 2022 Papa Fransisko aliposema kuwa wanandoa wasiotaka watoto na badala yake kufuga mbwa na paka wana ubinafsi, watu watatu wa jumuiya yetu walinitumia habari hiyo kwa simu kabla ya saa nne asubuhi. Sisi hatuna hata paka. Mwenye nyumba hakubali.

Wahenga wetu walilisema hili bila kuficha: asiye na mwana aeleke jiwe. Nilijifunza methali hiyo shule ya msingi, nikapata alama zangu, wala sikujiuliza jiwe hilo huelekwa na nani. Kueleka ni kazi ya mwanamke. Hakuna aliyewahi kumwona mwanamume ameeleka kitu. Hata maneno tunayoyatumia yana upendeleo wake. Tasa ni la mwanamke na la ng'ombe. Mgumba, ukiuliza kamusi, ni mtu yeyote asiyezaa, awe mume au mke. Ukiuliza sokoni, ni mke. Mwanamume aliyekosa mtoto hana jina isipokuwa hanithi, na hilo ni jambo jingine kabisa. Hanithi ni asiyeweza tendo la ndoa. Wanaume wengi wenye mbegu haba hawana shida yoyote chumbani. Lakini kwa kuwa mtaani maneno hayo mawili yamefungwa katika furushi moja, mwanamume anayeambiwa aende akapimwe husikia akiambiwa kuwa yeye si mwanamume. Ndipo hukimbia. Wangu alikimbia mwaka mzima na zaidi.

Agosti mwaka wa 2018 mama mkwe alikuja kutoka Mbooni kuangaliwa macho. Nilimpokea kwenye steji ya mabasi ya Machakos akiwa na gunia dogo la mbaazi, kuku mmoja, na chupa ya lita mbili iliyowahi kuwa na soda. Ndani ya chupa mlikuwa na kitu cheusi. "Hii ni yako," alinong'ona tukiwa bado kwenye matatu. "Kikombe asubuhi, kikombe jioni. Usimwambie mwanangu, wanaume huaibika kwa mambo haya."

Nisingependa msomaji amwone mama huyu kama wale mama wakwe wa kwenye sinema. Hajawahi kuniinulia sauti. Baba mkwe alifariki mwaka wa 2012, na mume wangu ndiye mwanawe wa kiume wa pekee. Kwa desturi ya Wakamba mvulana wetu wa kwanza angechukua jina la babu yake. Kwa hivyo yeye alikuwa akimngoja mjukuu na pia akimngoja mumewe arudi nyumbani kwa jina.

Jioni moja tukichambua mbaazi alinisimulia habari za shangazi yake, aliyeolewa miaka mingi bila mtoto. Shangazi huyo alitoa mbuzi na ng'ombe akaoa iweto, yaani msichana wa kuletwa nyumbani kwake azae watoto watakaoitwa wa nyumba ya shangazi na kurithi shamba lake. Wakamba wamekuwa na desturi hiyo tangu jadi, na mfano wake upo kwa Wanandi na Wakuria. Si hadithi ya kale tu. Mwaka wa 2011 Mahakama Kuu mjini Mombasa iliitambua ndoa ya aina hiyo ya Kinandi katika kesi ya mirathi.

"Zamani," akamaliza, "nyumba haikufungwa."

Sikujua kama alikuwa akinifariji au akinishauri. Nilikunywa kikombe changu. Kilikuwa kichungu kama shubiri.

Usiku huo sikulala. Nilikuwa nikifikiria kazi yangu, maana kabla ya mama mkwe kunieleka jiwe, sisi wa magazeti, redio na televisheni tulikuwa tumeshalichonga.

Mama yangu hukumbuka mwaka wa 1987, wakati televisheni ya Sauti ya Kenya ilipoonyesha mchezo wa Tushauriane, na redioni kukawa na Ushikwapo Shikamana. Michezo yote miwili ilitungwa kuwafunza Wakenya kupanga uzazi. Ilikuwa haja ya wakati huo: mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alikadiriwa kuzaa watoto 8 kwa wastani. Kufikia uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2022 wastani huo ulikuwa umeshuka hadi 3.4. Kazi ilifanyika. Lakini tazama picha zilizotumiwa kuifanya, zile za kwenye kuta za zahanati: baba, mama, mvulana na msichana, wote wanameta. Watoto wanane walipigwa vita, watoto wawili wakapigiwa debe. Asiye na hata mmoja hakuchorwa. Hadi leo ukipita barabara ya Thika utaona familia ile ile kwenye mabango, sasa inauza nyumba, bima na siagi.

Sinema nazo zinajulikana. Nilikulia katika enzi ya filamu za Nigeria, tukijazana kwa jirani mwenye video. Mke asiyezaa alikuwa wa aina mbili. Ama alilia sinema nzima, mama mkwe akimletea mwanamke mwingine chumbani, mpaka mwisho akapata mapacha na maadui wakaaibika. Ama alikuwa mwovu mwenye kucha ndefu, aliyeuza tumbo lake kwa mganga ili apate mali. Mume alikaa kwenye kochi katikati ya vita hivyo. Sikumbuki hata filamu moja ambamo mume alikwenda kupimwa.

Nami si mtakatifu. Mwaka wangu wa pili kazini, kabla sijaolewa, nilitumwa kuandika habari za mwanamke aliyekaa katika ndoa miaka 14 kabla ya kujifungua mapacha. Nilimuuliza maswali kama manne, yote kuhusu machozi na maombi. Sikumuuliza mumewe lolote. Sikumuuliza pia, na hili hunisumbua zaidi, jinsi walivyoishi miaka ile 14, walicheka nini, Jumapili walifanya nini, kwani kwangu miaka ile ilikuwa chumba cha kungojea tu. Mhariri aliipenda. Wasomaji waliandika barua. Baadaye, mimi mwenyewe nilipokuwa ndani ya chumba hicho, nilipekua kurasa zetu za miaka mingi nikitafuta makala kuhusu mke na mume wasio na mtoto ambayo haikuishia kwa kilio cha mtoto. Sikuipata.

Hata vitabu vya shule, ambavyo havina haja ya kuuza siagi, vinashindwa kustahimili. Wanafunzi wa sekondari waliosoma Chozi la Heri, riwaya ya Assumpta Matei iliyotahiniwa hadi mwaka wa 2022, wanawakumbuka Mwangemi na Neema. Ni watu wazuri, wanapendana, na mwandishi anawaonea huruma kiasi kwamba hawezi kuwaacha hivyo. Anawapa Mwaliko, mtoto wa kuasili. Sina ugomvi na Mwaliko. Ningependa tu, mara moja, kusoma sura ambamo wawili hao wanakaa mezani jioni, wanakula, na hakuna kinachokosekana.

Turudi hospitalini. Shirika la Afya Ulimwenguni, WHO, husema wanandoa wana tatizo la uzazi ikiwa wamekaa miezi 12 au zaidi bila kinga na mimba haijapatikana. Katika ripoti yake ya Aprili mwaka wa 2023, shirika hilo lilisema karibu mtu 1 kati ya 6 duniani hupitia hali hiyo wakati fulani maishani, na tofauti kati ya nchi tajiri na nchi maskini ni ndogo. Madaktari hushauri mwanamke aliye chini ya miaka 35 asubiri mwaka mmoja kabla ya kutafuta uchunguzi. Aliyepita umri huo asizidishe miezi sita. Na katika visa karibu nusu, tatizo huwa kwa mume, ama peke yake ama pamoja na mkewe.

Hayo yote daktari alinieleza siku ya kwanza, mwisho wa mwaka wa 2018, kisha akatazama kiti kitupu kando yangu. "Mzee yuko wapi?"

Mzee alikuwa na mitihani ya kusahihisha. Mwezi uliofuata alikuwa na mkutano wa wazazi. Basi nikaanza peke yangu. Nilitolewa damu. Nikalazwa kwenye meza ya eksirei, nikatiwa dawa kupitia njia ya uzazi ili ionekane kama inapita kwenye mirija. Mirija kuziba kwa sababu ya maambukizi yasiyotibiwa ni sababu kubwa ya utasa katika sehemu yetu hii ya Afrika, na mara nyingi mwanamke hana habari kuwa aliwahi kuambukizwa. Yangu haikuwa imeziba. Nilitoka pale nikitembea kama bata kwa maumivu, karatasi ya majibu mazuri mkononi, nikapanda matatu. Utingo akaniambia, "Mama, ingia, beba mtoto magotini mwa dada huyu." Alidhani mkoba wangu ni mtoto. Nilicheka hadi abiria wakanitazama, kisha nikajikuta ninalia.

Kipimo cha mume hakina meza wala maumivu. Hujizuia siku chache, huenda maabara, hupewa chupa ndogo. Gharama yake ni sehemu ndogo ya yote niliyopimwa mimi. Kwa akili ya kawaida ndicho kingetangulia. Mwalimu alikifanya Novemba mwaka wa 2019, baada ya mimi kuhamishia mto wangu sebuleni kwa wiki mbili. Sijivunii hilo, lakini lilifaulu mahali maneno yaliposhindwa.

Majibu yalisema mbegu zilikuwa chache, na nyingi kati ya hizo hazikuwa na nguvu ya kuogelea. Daktari alisema asivunjike moyo: mwili huchukua karibu miezi miwili na nusu kutengeneza mbegu mpya, hivyo kipimo kimoja hakitoshi, arudi baada ya miezi mitatu. Pia aliona mishipa ya damu iliyovimba kwenye korodani, jambo ambalo huwapata wanaume wengi na linaweza kurekebishwa kwa upasuaji mdogo. Machi mwaka wa 2020 alipopaswa kurudi, korona ikaingia nchini na shule zikafungwa. Pesa za kliniki zikawa za unga.

Usiku ule wa majibu hakula. Alikaa kitandani na viatu vyake. Mwishowe alisema maneno mawili: "Usimwambie Mama."

Nikakubali. Nilimwonea huruma, na pia, niseme ukweli, nilihisi nimefutiwa hatia, na mtu aliyefutiwa hatia huwa mkarimu. Sikujua ni mzigo wa namna gani nilikuwa nikiuchukua. Kwa miaka minne chupa nyeusi ziliendelea kuja kutoka Mbooni, kwa basi, kwa jirani, mara moja kwa dereva wa lori la mchanga. Nilizinywa. Kwenye mikutano ya ukoo niliombewa mimi, nikawekewa mikono kichwani mimi, naye Mwalimu akisimama nyuma pamoja na wanaume wengine, ameinamisha kichwa. Binamu yake mmoja alimkumbusha mbele yangu kuwa ndoa ya kimila inaruhusu mke wa pili. Kisheria hakukosea. Wabunge walipoujadili mswada wa ndoa Machi mwaka wa 2014 waliondoa hata kifungu kilichotaka mke wa kwanza akubali kwanza, wabunge wanawake wakatoka ukumbini kwa hasira. Sheria hiyo hiyo haikutaja popote kukosa mtoto kuwa sababu ya talaka. Lakini nani hunukuu sheria kwenye mkutano wa ukoo? Mwalimu alimwambia binamu, "Tutaona." Tulirudi Nairobi bila kusemezana kuanzia Machakos hadi Mlolongo.

Nikamuuliza hapo Mlolongo: "Tutaona nini?"

Hakujibu.

Wakati huo Chozi la Heri kilikuwa kikitoka shuleni na tamthilia mpya, Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, ikiingia. Waliosoma wanajua. Sara na Yona wanakaa muda bila mtoto na watu wanasema; wanapopata, ni wasichana, watu wanasema tena; Yona anaangukia pombe. Mwalimu aliifundisha kidato cha tatu mwaka wa 2023. Siku moja ya muhula wa tatu aliwahi nyumbani, akaweka madaftari mezani, akanisimulia yaliyotokea darasani.

Mvulana mmoja wa nyuma alikuwa ameinua mkono: "Mwalimu, kama Sara alikuwa anachelewa kuzaa, mbona Yona asingeoa mwingine?" Darasa likacheka. Akawauliza: mnajuaje kuwa ni Sara aliyekuwa akichelewa? Kimya. Wakafunua kurasa. Msichana mmoja akasema, "Mwalimu, huwa ni mama." Akamuuliza imeandikwa ukurasa gani. Msichana akatafuta, akakosa, akasema, "Lakini inajulikana."

Kisha yule mvulana wa nyuma, kwa kuchokoza tu kama wafanyavyo vijana, akauliza: "Mwalimu, wewe una watoto wangapi?"

"Ukasemaje?" nikamuuliza.

"Nikawaambia nina watoto 47, nikawaonyesha darasa. Wakapiga makofi."

Ni mzaha wa kila mwalimu. Lakini hakuwa akicheka aliponieleza. Alifungua daftari la kwanza, akashika kalamu nyekundu, akakaa hivyo bila kusahihisha chochote. "Ameniambia inajulikana," akasema. "Mtoto wa miaka 17. Na mimi ndimi niliyesimama mbele yake nikinyamaza." Baada ya muda akasema tena, "Desemba nitamwambia Mama."

Sikumwamini. Nilipakia nguo za Krismasi bila kumwamini.

Tulifika Mbooni tarehe 23. Siku ya pili asubuhi alimfuata mama yake kwenye maembe, upande wa chini wa shamba. Kwetu mtoto wa kiume hazungumzi na mama yake mambo ya mwili, kwa hivyo nilitazama kutoka jikoni kama mtu anayetazama gari likivuka daraja bovu. Niliona mama amesimama na kikapu. Niliona Mwalimu akichora ardhi kwa kijiti. Haikuchukua dakika 10. Mama akarudi na maembe yake, akayaosha, akaweka muthokoi motoni, akatupa kazi za kufanya. Siku nzima hakuniambia neno nje ya kazi.

Usiku, wengine wakiwa wamelala, alikuja na taa hadi nilipokuwa nikikunja nguo. Akaketi kitandani.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu Novemba ya mwaka wa 2019, Mama."

Akahesabu kwa vidole. Kisha akahesabu tena, nikafahamu kuwa mara hii alikuwa akihesabu chupa.

"Na dawa yangu, ulikuwa ukiinywa ya nini?"

Sikuwa na jibu lililotayarishwa. "Ulikuwa umeichemsha, Mama."

Akanitazama kwa muda mrefu. "Ilikuwa chungu?"

"Chungu sana."

"Ungeimwaga," akasema, na bega lake likaanza kutikisika. Alicheka bila sauti asije akawaamsha watu, akiwa ameshika taa kwa mikono miwili isimwage mafuta, nami nikacheka, kisha tukanyamaza. Alipofika mlangoni akageuka. "Huyu mtoto wangu alikuacha ubebe peke yako." Hakungoja nijibu.

Mwaka wa 2024 Mwalimu alifanyiwa ule upasuaji mdogo, akarudi darasani baada ya wiki mbili. Vipimo vimekuwa vizuri kidogo. Msomaji anayengoja mapacha mwishoni mwa makala haya nitamsikitisha: hawapo. Tumeuliza habari za kutunga mimba kwenye maabara, huduma iliyoanza kuleta watoto Nairobi tangu mwaka wa 2006, tukaambiwa ni laki kadhaa kwa jaribio moja, na jaribio laweza kushindwa. Tumeuliza pia habari za kuasili. Hatujaamua. Kuna wiki ambazo hatulikumbuki jambo hili kabisa, na kuna Jumapili ambazo mtoto wa watu akinishika sketi kanisani huwa sioni vizuri njia ya kurudi kwenye kiti.

Mama mkwe alikuja tena Aprili kwa ajili ya macho. Nilimpokea kwenye steji ile ile. Alikuwa na mbaazi, kuku, na chupa ya lita mbili. Nikaitazama chupa. Naye akaniona nikiitazama.

"Wewe wacha," akasema. "Hii ni ya huyo."

Daktari wetu hakufurahi alipoelezwa. Lakini kila jioni, kabla ya kufungua madaftari, Mwalimu humimina kikombe kimoja, hufumba macho na kukinywa chote, mama yake akiwa amesimama mlangoni pa jikoni kuhakikisha.